Termometa imegoma kwenye 96: tunafundishaje 7e EB watoto wanaofikiri kwa lugha nne? (Uzi wa Lubumbashi)

Ticha_wa_Kenya:
Jambo yenu, ba mwalimu.

Niondoe ubishi kwanza. Kenya ya jina langu ni komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, siyo ile nchi. Kila ninapojiunga mahali watu wananiuliza hali ya Nairobi. Sijawahi kufika Nairobi.

Nafundisha sayansi na hesabu katika 7e na 8e EB, yaani mwaka wa saba na wa nane wa elimu ya msingi. Zamani tuliita kwanza na pili sekondari. Ni watoto wa miaka 12 mpaka 14, wengine zaidi. Wametoka kwenye ENAFEP, mtihani wa taifa wa mwisho wa primaire (shule ya msingi), na mwisho wa mwaka wa nane TENASOSP, mtihani wa taifa wa kuchagua na kuelekeza wanafunzi, inawangoja. Kitabu ni Kifaransa, tabulo (ubao) ni Kifaransa, mtihani ni Kifaransa. Wakitoka nje ya mlango ni Kiswahili chetu cha L'shi, na nyumbani ni Kibemba, Kiluba, Kisanga, Tshiluba, Kirund. Mwaka jana nilipokea hata mtoto aliyekulia Ndola, Zambia: Kiingereza na Kibemba anavyo, Kifaransa hata "bonjour" ilimpa taabu.

Sasa sikilizeni. Oktoba nilileta darasani mbabula (jiko la makaa), makala (yaani makaa), sufuria, na termometa ya kuazima. Nikauliza maji yanachemka kwenye digrii ngapi. Watoto 64 wakajibu kwa sauti moja kama wimbo wa kanisa: "L'eau bout à cent degrés !" (maji yanachemka kwenye digrii mia). Tukawasha. Maji yakaanza kububujika, termometa ikasimama kwenye 96. Tukangoja. 96. Mmoja nyuma akasema: "Mwalimu, hii termometa ilikufa."

Hapo ndipo darasa lilipofufuka. Mmoja akasema makala ni kidogo, tukaongeza. 96. Mwingine akasema ni maji ya kisima, tuweke ya bomba. 96. Wa tatu akataka tuiweke termometa kwapani kwanza tuone kama ni nzima. Akili kubwa ile, hata mimi sikuiwaza, na ikasoma vizuri tu. Dakika arobaini wanabishana kama mawakili, kwa Kiswahili, na kona moja kwa Tshiluba. Mwishoni nikawauliza: mji wetu uko juu ya bahari kiasi gani? Ni kama mita 1,200. Hewa inayoyakandamiza maji yetu ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo yanachemka kabla ya kufika 100. Hiyo 100 ya kitabu ni ya usawa wa bahari.

Nikasema: haya, andikeni mlichogundua. Kimya. Kalamu mdomoni. Nilipokusanya kaye (madaftari), zaidi ya nusu wameandika "L'eau bout à cent degrés."

Nimesema mara mbili ili mnielewe. Waliona 96 kwa macho yao, wakaitetea kwa mdomo wao, halafu wakaandika 100, kwa sababu hiyo ndiyo sentensi pekee ya Kifaransa waliyokuwa nayo juu ya maji yanayochemka. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijaribu njia mbalimbali. Nitaeleza, lakini nataka kusikia wenzangu kwanza.

Mwalimu_Eldoret:
Mimi ndiye wa Kenya yenyewe, usijali. Huku tumepita mita 2,000. Nitakwenda kupima nikuletee jibu, nafikiri itakuwa 93 hivi. Shida yako naijua, tofauti ni kwamba kwetu ni Kiingereza. Mtoto anaeleza vizuri kwa Kinandi au Kiswahili, mwambie aandike uone anavyogeuka jiwe.

Mama_wa_Katuba:
Jambo yenu. Miye niko muzazi, hapana mwalimu. Mutoto wangu iko 7e. Nalipa minerval (feza ya masomo) ili ajue Kifaransa, Kiswahili anakijua tangu mu tumbo. Sasa nasikia balimu banafundisha mu Kiswahili, banaacha batoto babishane. TENASOSP itakuja mu Kiswahili? Munieleze.

Ticha_wa_Kenya:
Mama, jambo sana. Swali lako ni la haki, na prefe (mkuu wa shule) wangu aliniuliza hilo hilo, kwa ukali zaidi.

Sifundishi Kiswahili. Nakitumia kama ngazi ya kupandia kwenye Kifaransa. Ngoja nikuonyeshe kaye mbili za mtoto mmoja, nakili kama zilivyo. Oktoba: "L'eau est feu 96" (neno kwa neno: maji ni moto 96). Desemba: "À Lubumbashi l'eau bout à 96 degrés parce que la pression de l'air est plus faible en altitude" (Lubumbashi maji yanachemka kwenye digrii 96 kwa sababu kanieneo ya hewa ni ndogo zaidi mahali pa juu). Sentensi ya pili ameiandika peke yake, kaye imefungwa. Wewe unayelipa minerval ungependa ipi?

Tena hiyo ya kwanza siyo ujinga, tazama vizuri. Kwa Kiswahili tunasema "maji ya moto". Moto ni ule wa mbabula, na moto ni ule ulioingia kwenye maji. Mtoto amechukua "moto" akaweka "feu". Amefikiri sawasawa, daraja ndilo lililovunjika. Nikiweka alama nyekundu tu bila kuona neno lililomdanganya, atakosea hivyo hivyo mpaka chuo.

Basi tukatengeneza ukuta wa maneno. Ni karatasi za mifuko ya simenti, upande wa ndani, zimebandikwa ukutani. Kila neno gumu la somo lina mstari wake: Kifaransa, Kiswahili, halafu lugha za nyumbani kwa kadiri watoto wanavyoleta. Mstari wa "feu" una moto, umulilo (Kibemba), mudilo (Kiluba), kapia (Tshiluba). Walicheka sana kuona umulilo na mudilo ni ndugu, wakaanza kutafuta ndugu wengine. Maji: amenshi, mema, mâyi. Chini ya "cuivre" ni shaba, na mtoto wa Ndola akaleta mukuba. Siku ile alisimama mbele akafundisha neno. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia.

Lakini "chaleur" na "température" zilitutesa. Kwa "chaleur" tuliweka joto. Kwa "température" hatukuwa na neno, tukaacha nafasi wazi. Ipo wazi mpaka leo.

Dar_Fizikia:
Mkuu, sisi huku tuna "halijoto" kwa temperature ile ya kipimo, na "joto" kwa nishati yenyewe. Na hiyo termometa tunaiita kipimajoto, ingawa ukweli ni kwamba wanafunzi wengi wanasema themometa na maisha yanaendelea.

Ticha_wa_Kenya:
Halijoto! Asante sana. Nimelipeleka darasani leo. Watoto wamelikubali, ila mmoja ameuliza kwa nini neno la Kiswahili litoke Dar wakati Kiswahili kiko hapa. Nikakosa jibu.

Prof_Kampemba:
Nafundisha Kifaransa, komini ya Kampemba. Nimesoma kimya kimya, sasa nalazimika kusema.

Naunga mkono ukuta. Nisichokiamini ni wanafunzi kubaki kwenye Kiswahili kwa sababu ni rahisi. Nina walimu wenzangu ambao "lugha mbili" kwao ni kusema sentensi ya Kifaransa halafu kuitafsiri papo hapo, kutwa nzima. Mtoto si mjinga. Akishajua tafsiri inakuja, Kifaransa anakiacha kipite sikioni kama gari barabarani. Hiyo siyo ngazi, ni lifti.

Jim Cummins, mtafiti wa lugha wa Canada, alitenganisha mwaka 1979 lugha ya mazungumzo na lugha ya masomo. Kwa watoto wahamiaji wa Toronto, ile ya kuongea ilikuja ndani ya miaka miwili hivi, ile ya masomo ilihitaji mitano mpaka saba. Wale walizungukwa na Kiingereza mtaani. Wetu Kifaransa wanakiona kwenye tabulo tu. Hesabu mwenyewe.

Ticha_wa_Kenya:
Prof, nakubali yote, hasa ya lifti. Ndiyo sababu sitafsiri. Darasani kwangu kila lugha ina saa yake. Wakati wa kupima na kubishana, lugha yoyote ruksa. Wakati wa ukuta, lugha zote pamoja. Wakati wa kuandika na kuleta habari mbele, Kifaransa, ila mtoto hasimami mikono mitupu. Nawapa sentensi zilizoanzishwa (tumeona kwamba…; tulifikiri kwamba… lakini…; hii inaelezwa na…):

"Nous avons observé que…"
"Nous pensions que… mais…"
"Cela s'explique par…"

Wao wenyewe wamezibatiza mifupa. "Mwalimu, leo mifupa iko wapi?" Mimi natoa mifupa, wao wanaweka nyama.

Ile ya pili, "Nous pensions que… mais…", ndiyo iliyoiua 100. Mtoto akishaandika "Nous pensions que l'eau bout à cent degrés", ile sentensi ya kukariri imepata kazi yake, na baada ya "mais" hana pa kukimbilia, lazima aseme 96.

Prof_Kampemba:
Hiyo ya "mais" nimeipenda, nitaiba. Lakini mifupa utaitoa lini? Nimesahihisha karatasi za 8e ambazo kila aya inaanza na "Nous avons observé que", hata insha ya likizo. "Nous avons observé que ma grand-mère…" (tumeona kwamba bibi yangu…)

Ticha_wa_Kenya:
😂 Umenipiga. Na mimi nilifika huko Novemba.

Sasa naipunguza. Wiki za kwanza mfupa mzima, baadaye kitenzi tu, mwisho maneno ya kuunga pekee: parce que, donc, tandis que (kwa sababu, kwa hiyo, ilhali). Wanaochelewa naacha mifupa yao nyuma ya kaye, hawalazimiki kuinyanyua mbele ya wenzao.

Na kuna ukuta mwingine ambao niliugundua kwa kuchelewa. Mtoto anajua "bouillir" (kuchemka). Mtihani unamuuliza "l'ébullition". Anajua "l'eau s'évapore" (maji yanageuka mvuke), mtihani unasema "l'évaporation". Kwake ni maneno mapya kabisa. Nikawauliza: cheza inazaa nini? Mchezo. Lima? Kilimo, mkulima. Chemka? Wakasita, mmoja akasema mchemko. Basi Kifaransa nacho kinazaa, ila watoto wake wanavaa -tion na -ment. Tukatafuta familia nzima siku ile: chauffer, chauffage (za kupasha joto), refroidir, refroidissement (za kupoza). Walikuwa wanajua kufanya hivyo tangu utotoni bila mtu kuwaambia wanakijua.

Stajiere_ISP:
Samahani wakubwa, mimi bado niko mafunzoni, mwezi ujao naanza staji. Darasa ni watoto sabini na kitu, termometa moja, au hakuna. Makundi yanafanyaje kazi bila fujo? Mwalimu msimamizi ameniambia kundi maana yake mmoja anafanya na tisa wanazungumza mpira.

Ticha_wa_Kenya:
Msimamizi wako hajasema uongo. Mradi wangu wa kwanza wa mabango ulikuwa aibu. Kila kundi, mtoto mmoja aliyetoka primaire ya mjini akaandika kila kitu kwa Kifaransa kizuri, wengine wakapaka rangi. Nilitoa alama nzuri kwa wote. Nilijidanganya.

Halafu nikafanya kosa la pili, kubwa zaidi. Nikasema niwagawe kwa lugha, wa Tshiluba pamoja, wa Kibemba pamoja, ili wasaidiane. Siku ya pili kundi moja limeshapewa jina la kejeli. Katika mji huu, kutenga watoto kwa lugha ni kutenga kwa kabila, na wazee wa Katanga wanakumbuka 1992 na 1993, familia za Kasai zilizofukuzwa zikilala stesheni zikingoja treni. Nilivunja makundi asubuhi hiyo hiyo. Usirudie kosa langu.

Sasa kila kundi lina watoto sita, limechanganywa, ila nahakikisha kila mtoto ana angalau mmoja wa lugha yake ndani. Kazi zinazunguka kila wiki: mpimaji, mwandishi, mwenye saa, mwulizaji, na mfasiri. Mfasiri ndiye anayehakikisha kila mtu ameelewa kabla ya msemaji kusimama. Na sheria moja: simchagui msemaji mapema. Nachomoa namba mwisho. Kwa hiyo hata mwenye Kifaransa kizuri anapaswa kumfundisha asiyejua, maana huenda ndiye atakayeitwa. Wakati kundi moja liko kwenye mbabula, mengine yako kwenye ukuta au kwenye hesabu. Kelele zitakuwepo. Sikiliza ni kelele za nini.

Kuhusu enspekta, usiogope. Program mpya ya sayansi inataka kila somo lianze na hali halisi ya maisha. Mbabula ni hali halisi. Andika hivyo kwenye fishi ya maandalizi.

Na kama huna termometa, anza na mvua. Haina gharama.

Stajiere_ISP:
Mvua vipi?

Ticha_wa_Kenya:
Chukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, ile iliyonyooka. Kata sehemu ya juu, igeuze kama faneli, irudishe ndani. Chini ya chupa hapako sawa, kwa hiyo weka kokoto, mimina maji mpaka pale ubavu unapoanza kunyooka, piga mstari: hapo ndipo sifuri. Bandika rula ya karatasi yenye milimita, ifunike kwa selotepu. Iweke mbali na paa na miti. Kila asubuhi mtoto wa zamu anasoma, anaandika, anarudisha kwenye sifuri.

Kwetu mvua zinashika Novemba mpaka Machi, kwa hiyo mradi unapata miezi mitano ya data. Lakini utamu uko kwenye hesabu. Watoto waliuliza: mvua inapimwaje kwa milimita, mvua ni kamba? Swali zuri. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Basi paa la mita 5 kwa 4 ni mita za mraba 20, milimita moja inaleta lita 20. Yaani bidoni (dumu) moja. Walipolipata hilo, "milimita" ikawa "bidoni". Asubuhi wanaingia wakipiga kelele: "Mwalimu, jana bidoni 14!" Kwa nini mama atume mtu kisimani wakati paa lilipokea bidoni 14 usiku? Wakapima paa za nyumbani, wakachora mifereji. Mmoja akarudi analalamika baba yake amemwambia mvua haipimwi, ni ya Mungu.

Mifupa ya mvua ni michache: "Il est tombé… mm" (zimenyesha mm…), "soit… litres" (yaani lita…), "plus que" (zaidi ya), "moins que" (chini ya). Kwa maneno hayo tu mtoto anajaza ukurasa, na linganishi za Kifaransa zinaingia zenyewe.

Mama_wa_Katuba:
Aah. Sasa nimejua nani alikata chupa yangu ya mafuta.

Ticha_wa_Kenya:
Mama, tusamehe. Nitarudisha.

Dar_Fizikia:
Wakuu, nimepima jana na kidato cha kwanza. Tuko karibu na bahari kabisa. 100 kamili, wanafunzi wakapiga makofi. Nikawaambia kuna wenzao Lubumbashi wamepata 96, wakasema Wakongo wana kipimajoto kibovu. Nimewaachia swali.

Ticha_wa_Kenya:
Hahaha, hayo maneno nimeyasoma darasani neno kwa neno. Hasira iliyowaka pale sijawahi kuiona. Wanataka kuwajibu. Barua tunaandika mara mbili: moja Kiswahili kwa ajili ya Dar, moja Kifaransa kwa ajili ya alama. Walianza na ile ya Kiswahili, na nikashangaa kuona mifupa imevuka mto: "Tulifikiri kwamba… lakini…" Prof, unaona? Imerudi nyumbani.

Prof_Kampemba:
Naona. Waambie Dar wasiseme "kibovu", waseme "ilikufa".

Mwanafunzi_Goma_zamani:
Nimesoma Goma, kule ni karibu mita 1,500. Inapaswa kuwa 95. Nitamwomba dada yangu apime kama atapata termometa.

Mwalimu_Eldoret:
Samahani kwa kuchelewa, termometa ilikuwa kwa mwalimu mwingine. Tumepima mara tatu: 93. Kwa hiyo orodha yenu: Dar 100, Lubumbashi 96, sisi 93. Wanafunzi wangu wamechora grafu, urefu wa mji upande mmoja, digrii upande wa pili. Mstari unashuka vizuri, karibu digrii moja kila mita 300.

Ticha_wa_Kenya:
Grafu imepokelewa, imebandikwa karibu na ukuta. Mtoto wa Ndola ameisoma maandishi ya Kiingereza, mwenzake akayageuza Kiswahili, wa tatu akaandika Kifaransa chini yake.

Kuna swali kutoka nyuma, kwa yule yule aliyesema termometa ilikufa. Anauliza: kama maji ya Eldoret yanachemka mapema na hayazidi 93, maharagwe yao yanaiva saa ngapi?

Mwalimu_Eldoret:
Mwambie tunaloweka usiku, na bado tunachelewa kula.